Picha za michezo ya usiku chini ya taa za uwanjani: dalili, visababishi na tiba kwa mwenye kamera ya kawaida

Mpiga picha anayeanza kazi Arusha au Moshi mara nyingi huwa na kamera ya daraja la chini, mathalani Canon 2000D au Nikon D3500, pamoja na lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo ndani ya boksi. Kwa mahafali ya mchana na picha za familia vifaa hivyo havimwangushi. Taabu huanza siku anapoitwa kwenye fainali ya bonanza inayochezwa saa mbili usiku, uwanja ukiwa na minara minne ya taa au hata miwili tu, na anaporudi nyumbani anakuta mamia ya picha ambazo anaona haya kumkabidhi aliyemwita. Maelezo haya yamepangwa kwa dalili, kwa sababu mtu huja na dalili, haji na kisababishi. Na chini ya kila dalili nimeanza na kile kinachojitokeza mara nyingi, nikaishia na cha nadra.

Jambo moja lieleweke kwanza. Jicho hujirekebisha lenyewe, kwa hiyo uwanja wenye taa huonekana mweupe karibu kama mchana. Kamera haidanganyiki hivyo. Kwenye viwanja vya mitaani nimezoea kupata kipimo cha ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/5.6 (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) na kasi ya shata 1/60 ya sekunde. Chini ya jua kali la saa sita, kwa tundu hilohilo na ISO 100, kasi ingefika karibu 1/800. Ukipiga hesabu, mwanga wa usiku huo ni mdogo kuliko wa mchana kwa takriban mara 400, na hitilafu nyingi zinazoelezwa hapa chini chanzo chake ni upungufu huo.

Mchezaji ametoka na ukungu

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote, kwa kuwa neno "ukungu" hubeba matatizo manne tofauti. Kabla ya kugusa kitufe chochote, ikuze picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera kisha uisome. Tafuta kitu kisichotembea, kama nguzo ya goli au mstari wa chaki, halafu umwangalie mchezaji. Nguzo ikiwa kali na mchezaji amefutika, shata ilikuwa ya taratibu. Nguzo na mchezaji wote wakiwa wamevutika kuelekea upande mmoja, mkono wako ulitikisika. Nyasi za mbele yake au bango la nyuma likiwa kali kuliko uso wake, fokasi ilikosea. Na kama hakuna kilicho kikali popote, tena taa zimezungukwa na mng'ao kama mwezi wenye wingu jepesi, kioo cha lenzi ni kichafu au kimeshika unyevu.

Ninayo picha moja ya kipa niliyoipiga Moshi miaka kadhaa iliyopita. Mafundo ya wavu nyuma yake yanahesabika, namba ya jezi inasomeka hadi mshono wake, lakini glovu zote mbili ni moshi mtupu. Kasi ilikuwa 1/125. Kiwiliwili kilikuwa kimetulia na mikono ndiyo iliyokuwa mbioni, na tangu siku hiyo huchagua kasi kwa kuangalia kiungo kinachokwenda upesi zaidi, yaani mguu unaopiga au mkono unaodaka, badala ya kuangalia mwili mzima.

Shata ya taratibu ndiyo kisababishi cha kwanza. Ukiiacha kamera katika hali ya Auto itachagua kasi ya kukufaa kupiga picha ya mtu aliyekaa. Geuza kidude cha juu hadi M (unapanga kila kitu mwenyewe), au S kwa Nikon na Tv kwa Canon (unapanga kasi tu), kisha uanzie 1/500 kwa mpira wa miguu na wa kikapu. Kwa shuti au ngumi 1/1000 ni bora zaidi, ikiwa mwanga unaruhusu. Usipofikia hata 1/500, shuka hadi 1/250 na ubadilishe namna ya kusubiri: mchezaji anayeruka kupiga kichwa husimama angani kitambo kidogo sana kabla ya kuanza kushuka, na mpiga danadana hutulia kabla ya kugeuka. Nyakati hizo 1/250 hutosha.

Kisababishi cha pili hufichwa na lenzi yenyewe. Lenzi ya 18-55 hufungua tundu hadi f/3.5 ikiwa kwenye 18, lakini ukiivuta hadi 55 haifunguki zaidi ya f/5.6. Kitendo hicho cha kuvuta, ambacho mkono hukifanya bila kufikiri mchezaji akiwa mbali, kinakupotezea zaidi ya nusu ya mwanga. Kwa taa zile nilizozitaja, na ISO 6400, ukibaki kwenye 18 unapata kasi ya 1/320, na ukivuta hadi 55 unaangukia 1/125. Kwa hiyo omba ruhusa ya kukaa nyuma ya mstari wa goli, baki kwenye 18 au 24, ngoja mchezo ukufuate, kisha uikate picha nyumbani. Kamera hizi zina megapikseli 24. Ukikata hata nusu ya picha, anayeitazama kwenye simu hatatambua.

Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 na uachane na mawazo ya kubadilisha kamera. Kati ya f/5.6 na f/1.8 kuna ongezeko la mwanga la mara tisa na ushei, na 1/60 yako inakuwa zaidi ya 1/500 bila kugusa ISO. Wenye D3500 wawe waangalifu wanaponunua iliyotumika: kamera hiyo haina mota ya fokasi ndani yake, kwa hiyo lenzi ya Nikon yenye maandishi AF-D itafungika vizuri lakini fokasi itakuwa ya mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S.

Mtikisiko wa mkono huja nafasi ya tatu, na tiba yake ni stendi ya mguu mmoja au kubana viwiko mbavuni. Swichi ya kutuliza mtikisiko iliyo ubavuni mwa lenzi huzuia mkono wako tu. Haimzuii mchezaji kukimbia, ingawa nimeshasikia wengi wakiitegemea kwa kazi hiyo.

Picha ni giza, au jezi zimeungua na nyuso hazionekani

Mita ya kamera hutaka kila picha iwe na mwanga wa wastani. Mbingu nyeusi ikijaa kwenye fremu, mita hudhani pote ni giza, inaongeza mwanga, na jezi nyeupe zinabaki kuwa doa lisilo na nyuzi. Mnara wa taa ukiingia kwenye fremu mambo hugeuka: mita inapunguza mwanga na wachezaji wanakuwa vivuli. Ndiyo maana picha mbili zilizopigwa kwa kufuatana huweza kutofautiana sana wakati taa zenyewe hazijabadilika.

Tiba ni M. Kabla ya mechi, wachezaji wakipasha misuli, piga picha za majaribio katikati ya uwanja na kwenye kona, maana kona za viwanja vyetu karibu zote ni giza kuliko katikati. Rekebisha ISO hadi jezi nyeupe ionekane nyeupe lakini mikunjo yake bado inasomeka, kisha uache vipimo hivyo. Uso mweusi chini ya taa ya juu, macho yakiwa ndani ya kivuli cha paji, utatoka na giza kidogo. Uache hivyo uwanjani na uuinue wakati wa kuhariri, ukiwa umepiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, kwa sababu giza la kadiri hurudishwa lakini jezi iliyoungua hairudi. Pia jifunze kusubiri: mchezaji anapoinua uso kufuata mpira wa juu, taa humwingia machoni, na picha hiyo moja huzidi ishirini za watu walioinamia mpira miguuni.

Kuhusu flashi ya juu ya kamera, fanya hesabu kabla ya kuitumainia. Nyingi zina nguvu ya namba 12 hivi au pungufu kwa ISO 100, maana yake ukigawanya 12 kwa f/5.6 unapata mita mbili tu. Kwa ISO 3200 yenye namba hiyo inafika mita 12, lakini shata haitazidi 1/200, na mpiga penalti aliye mita 11 mbele ya kipa atakuwa ameshasumbuliwa machoni. Marefa wengi hawaitaki, na wana haki.

Picha ina chenga

Chenga, zile punje zinazofanana na za televisheni isiyoshika stesheni, huwaogopesha watu kupita kiasi. Kisababishi cha kawaida hakiko kwenye ISO kubwa peke yake: mtu aliogopa ISO 6400, akapiga kwa 1600, picha ikatoka giza, akaja kuipandisha mwanga kwenye simu, na chenga zikapanda nazo. Picha iliyopigwa kwa ISO 6400 ikiwa na mwanga wa kutosha huwa safi kuliko ile ya 1600 iliyovutwa kwa nguvu baadaye. Panda hadi 6400 bila woga. Chenga hupunguzwa na programu ya kuhariria. Uso uliofutika kwa mwendo hakuna programu itakayourudisha kama ulivyokuwa.

Rangi na mwanga vinabadilika picha kwa picha, au kuna mikanda

Hapa ndipo kamera nyingi zisizo na kosa hupelekwa kwa fundi. Mtu anapiga picha sita mfululizo za tukio moja. Ya kwanza ni ya kawaida, ya pili ina rangi ya chungwa, ya tatu imefifia, ya nne nusu ya juu ni angavu na nusu ya chini ni ya kahawia. Anaamini sensa imekufa. Sensa ni nzima. Taa ndizo zinazopepesa.

Umeme wa Tanzania ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za gesi zinazotumika kwenye minara mingi ya zamani huwaka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/100 hukusanya mpigo mmoja kamili, kwa hiyo kila picha hufanana na nyingine. Shata ya 1/500 hukata kipande kimoja tu cha mpigo kati ya vitano, na kipande hicho kikiangukia kileleni picha ni nzuri, kikiangukia bondeni picha ni giza na rangi yake imegeuka. Mikanda hutokea kwa sababu pazia la shata halifunguki lote kwa mara moja kwenye kasi kubwa, bali mwanya hupita kutoka upande mmoja wa sensa hadi wa pili kwa muda wa karibu nusu ya mpigo mmoja, na mwanga hubadilika njiani.

Ukaguzi wake ni rahisi. Piga picha kumi mfululizo za kitu kimoja kwa 1/500, kisha kumi kwa 1/100. Za kwanza zikitofautiana na za pili zikafanana, umepata jibu, wala huhitaji fundi.

Tiba ya kwanza ni kutafuta kwenye menyu kipengele cha kupunguza upepesaji, ambacho huisubirisha shata hadi kileleni mwa mpigo. Kamera nyingi za daraja la chini hazina. Usipokikuta, piga mfululizo wa picha nne au tano kwa kila tukio na uchague ile iliyoangukia kileleni. Ni njia ya kimaskini lakini inafanya kazi. Ukiwa na kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani, zima shata ya kielektroniki na utumie ile ya kawaida, kwa kuwa ya kielektroniki huisoma sensa polepole na badala ya mkanda mmoja utapata mitatu au zaidi. Kwa simu, ingia hali ya Pro na uweke 1/100. Utapoteza mbio, lakini wachezaji waliopanga mstari au wanaoshangilia watatoka bila mikanda.

Kisababishi kinachofuata ni jenereta. Kiwanja kikiendeshwa kwa jenereta iliyolemewa, mzunguko wa umeme huyumba na hesabu ya 1/100 huyumba nao. Uwanja ambao taa zake zote zimefungwa kwenye njia moja ya umeme pia hupepesa vibaya kuliko ule uliogawanywa kwenye njia tatu, maana kwenye njia tatu taa moja ikizama nyingine inapanda. Yote mawili huwezi kuyarekebisha. Unaloweza ni kuhama na kusimama pale ambapo mwanga wa minara miwili unakutana.

Wanaorekodi video wana dalili yao: mawimbi ya giza yanayopanda kwenye kioo. Kamera nyingi zilizotumika huja zikiwa zimepangwa kwa NTSC, mfumo wa nchi zenye umeme wa 60 Hz kama Marekani. Badilisha menyu iwe PAL, uweke fremu 25 na kasi ya 1/50, na mawimbi hayo yatatulia.

Rangi ikiwa mbaya lakini haibadilikibadiliki, hilo ni tatizo jingine na jepesi. Toa mpangilio wa WB (urekebishaji wa weupe) kwenye Auto, piga picha ya karatasi nyeupe iliyo chini ya taa hizohizo, na uifanye kipimo. Taa za njano za sodiamu ni ubaguzi, kwa sababu hazitoi rangi zote tangu mwanzo. Jezi ya buluu chini yake haitakuwa buluu kamili hata uhariri mpaka alfajiri. Vilevile umeme ukikatika na kurudi, taa za gesi huhitaji dakika kadhaa kupoa na kuwaka upya, na katika dakika hizo rangi yake huwa ya ajabu. Tumia muda huo kubadilisha betri.

Fokasi inasaka na hakuna inachokamata

Sogeza alama ya fokasi iwe ya katikati peke yake. Kwenye 2000D kuna alama tisa, kwenye D3500 kumi na moja, na kwa zote mbili ni ile ya katikati tu inayosoma mistari ya wima na ya ulalo. Nyingine hupotea mapema gizani. Kisha weka fokasi ya kufuatilia, AI Servo kwa Canon au AF-C kwa Nikon, na utazame kwa kitundu cha juu badala ya kioo cha nyuma. Ielekeze kwenye namba ya jezi au ukingo wa kola, kwa kuwa kitambaa cha rangi moja hakiipi kamera kitu cha kushika.

Ikishindikana, acha kuifukuza. Chagua mahali ambapo lazima mchezo upite, kama ringi ya kikapu iliyo mita 3.05 kutoka ardhini au kituo cha penalti, kamatisha fokasi hapo, geuza fokasi iwe MF, yaani ya mkono, na usubiri. Nusu ya picha zangu nzuri za kikapu nilizipiga hivyo kwenye uwanja mmoja wa Arusha ambao mnara mmoja ulikuwa umezimika msimu mzima.

Vidoa, mng'ao na mistari myeupe

Vidoa vya kijani vinavyokaa kinyume na taa hutokana na kioo cha kinga kilichofungwa mbele ya lenzi, kifungue usiku. Mistari myeupe minene wakati wa mvua za kwanza huenda ikawa ni kumbikumbi wanaozunguka taa, na kwa hao dawa ni kuhamia upande wa pili wa mnara. Mng'ao wa picha nzima ni alama ya kidole au umande. Usiku wa Juni na Julai Arusha baridi huipoza kamera, nawe ukiingia nayo kwenye chumba chenye watu wengi kioo kinashika unyevu mara moja. Ifunge ndani ya begi kabla ya kuingia na uiache humo nusu saa. Usiifute lenzi kwa shati lenye vumbi la uwanja. Vumbi hilo hukwaruza.

Kamera inasita katikati ya mfululizo

Mara nyingi umepiga RAW na JPEG kwa pamoja na kumbukumbu ya muda imejaa, chagua moja. Kama bado, kadi ni ya polepole au ya bandia. Mwisho angalia betri, ambayo kwenye baridi huchoka mapema: ya akiba ikae mfuko wa ndani ya koti.

Wakati wa kuacha na kumwita mtaalamu

Kadi ikikataa kusomeka, itoe na usiifomati wala kuongeza picha nyingine hata moja, kwa sababu kila picha mpya huweza kuandikwa juu ya zile za zamani. Mpelekee anayejua kurejesha mafaili. Betri iliyovimba isichajiwe tena. Maji yakiingia ndani ya kamera, toa betri na kadi, usijaribu kuiwasha "kuona kama inafanya kazi", na uifikishe kwa fundi kamera siku inayofuata. Shata iliyokwama au maandishi ya kosa yanayorudi baada ya kusafisha viunganishi vya umeme vya lenzi na kubadilisha betri ni kazi ya fundi huyohuyo. Usiifungue mwenyewe: ndani ya kamera yenye flashi kuna kapasita inayotunza takriban volti 300 hata betri ikiwa mfukoni mwako.

Taa za uwanja zikikorofisha, mwambie msimamizi amwite fundi umeme, na usiguse boksi la nyaya chini ya mnara hata kama mlango wake uko wazi, hasa nyasi zikiwa zimelowa. Ukisikia radi wakati wa masika, ondoka chini ya mnara, ikunje stendi yako na uingie ndani ya jengo au gari, hata kama refa bado hajapuliza filimbi.